Msalaba Uliogoma Kuhama Kwangu

Kabla sijaugua nilikuwa na ustadi mmoja ambao hakuna aliyenishinda katika mtaa wetu wa Migori, nao ulikuwa ustadi wa kuikwepa jumuiya. Kila Jumapili saa tisa alasiri Wakatoliki wa mtaa walikutana katika nyumba ya mmoja wao kwa rozari, somo, maombi na chai. Nyumba zilipokezana kwa zamu. Palikuwa na msalaba wa mbao, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, uliosimama juu ya kibao. Wakishamaliza kusali, msalaba ulibaki katika nyumba hiyo wiki nzima, na Jumapili iliyofuata ulibebwa kwa nyimbo kupelekwa nyumba ya pili. Zamu yangu ilipokaribia, nilipata kazi Kehancha. Nilikuwa karani wa kupima majani ya tumbaku, na kila mtu alijua kwamba tumbaku haipimwi Jumapili. Lakini hakuna aliyesema neno, nami nikauchukulia ukimya wao kuwa wameniamini.

Nilikuwa na sababu, na wakati ule niliziona nzito. Mwenyekiti wetu, fundi wa baiskeli, hakujua kusali kwa kifupi. Akiombea mvua alianzia siku maji yalipoumbwa. Mwimbishaji wetu, mama mmoja mshonaji, alikuwa na sauti kubwa isiyotulia kwenye noti moja. Halafu kulikuwa na kipindi cha kushirikishana Neno, ambapo mtu mzima anaulizwa mbele ya majirani zake somo la leo limemgusa wapi. Mimi sikupenda kuguswa. Mke wangu ndiye aliyewapokea, akawapikia chai, akaniombea radhi, na jioni niliporudi kutoka kwa rafiki yangu wa mtaa wa pili alinifungulia mlango akisema, "Pole na safari ya Kehancha."

Ugonjwa ulianza kama maumivu ya mgongo. Nikayalaumu marobota ya tumbaku, ingawa kazi yangu ilikuwa kuyaandika na si kuyabeba. Nikakonda. Nikawa naamka shuka limelowa jasho. Nikanywa dawa za kila aina zilizouzwa sokoni, pamoja na ile ya ng'ombe ambayo Mkuria mmoja aliniapia kwamba imemponya babake. Asubuhi moja niliamka, miguu haikuamka.

Hospitalini Homa Bay daktari alisema ni TB, si ya kifua bali ya uti wa mgongo, na kwamba miguu ingeweza kurudi iwapo ningemeza dawa bila kukosa na kulala chali juu ya ubao kwa miezi mingi. Akaeleza kwamba haiambukizi kama ile ya kifua. Alieleza mara tatu, na mara ya tatu alikuwa akimtazama mgonjwa wa kitanda cha pili aliyekuwa amejifunika pua kwa shuka. Kitanda changu kilikuwa dirishani. Ziwa lilionekana, au lingeonekana kama magugu-maji yasingelifunika. Miaka ile ya tisini ghuba yote ilikuwa kijani, na mgeni angedhani ni shamba la mtu. Nilitazama hilo shamba kwa miezi miwili huku nikichomwa sindano kila siku.

Wenzangu wa kazini walikuja mara moja. Walisimama mlangoni mwa wodi, leso mdomoni, wakaweka mkate na soda juu ya kiti kilichokuwa karibu nao kuliko mimi, wakasema kazi ni nyingi. Baada ya hapo walituma salamu. Salamu zao zilifika mara kwa mara, zote zikiwa na afya njema.

Niliporudishwa Migori nyuma ya pikapu, nimelazwa juu ya godoro na mke wangu ameshika kichwa changu, iligunduliwa kwamba ule ubao wa kulalia haukuweza kupita mlango wa chumba cha kulala. Mafundi wawili walipima, wakapima tena, wakasema dawa ni kubomoa ukuta. Mwenye nyumba akasema dawa ni kulala sebuleni. Kwa hiyo nikawekwa sebuleni, katikati, viti vikapangwa kunizunguka. Watoto wetu wawili walikuwa wamepelekwa Sindo kwa mama yangu. Mke wangu alikuwa na kibanda cha nguo za mitumba sokoni, akawa anaondoka alfajiri na kurudi mchana kunigeuza na kunilisha, halafu anaondoka tena. Nami nikabaki na dari.

Jumapili ya kwanza, saa tisa kamili, nikasikia wimbo ukikaribia. Niliitambua ile sauti isiyotulia. Nilimwambia mke wangu awaambie nimelala.

"Wataona wenyewe," akasema. "Si umelala?"

Wakaingia, watu kumi na wawili hivi, mwenyekiti mbele na msalaba mkononi. Sikuwa na Kehancha ya kwenda. Mwenyekiti akausimamisha msalaba juu ya kabati la redio, akanitazama kutoka juu, kwa sababu sasa kila mtu alinitazama kutoka juu, akasema, "Karani, leo tumekupata." Alikuwa na uso wa upole alipolisema hilo. Sikuwahi kujua kama alikusudia kunichoma.

Sasa nieleze jambo la kikombe, maana bila hilo mengine hayana maana. Baada ya sala mke wangu alileta chai. Mimi nilinyweshwa nusu kikombe, nikashiba, kikombe kikawekwa kwenye sinia pamoja na vingine. Nikaona mikono inasita. Kila mtu alikuwa ameshaona ni kikombe gani, na kila mtu alikuwa akihesabu vingine kuona kama kuna uwezekano wa kutovichanganya. Hakuna aliyekuwa mkatili. Waliogopa tu, na hata mimi ningeogopa. Yule mshonaji akanyoosha mkono, akachukua kikombe changu chenyewe.

"Karani, hii chai umeacha, mimi namaliza," akasema. "Sukari ni ya kuchezewa?"

Akainywa yote, akafuta mdomo, akaanzisha wimbo vibaya sana. Nililia. Nilikuwa chali, kwa hiyo machozi yaliingia masikioni, na wao wakadhani somo limenigusa.

Kabla hawajaondoka mwenyekiti alitangaza kwamba msalaba hautahama. Jumuiya yetu, alisema, ina desturi yake: msalaba haumwachi mgonjwa. Utakaa hapa mpaka karani atakaposimama, na Jumapili zote tutasalia hapa. Mshonaji akakumbusha kwamba aliyefuata kwenye zamu ni Dani. Dani, yaani bibi, tulikuwa tukimwita mjane mmoja wa Mfangano aliyewahi kuuza samaki wa kukaushwa sokoni Migori mpaka magoti yakamshinda. Nyumba yake ilipakana na yetu nyuma, ua tu katikati, na kwa miaka miwili hakuwa ametoka mlangoni. Alikuwa akiisubiri zamu yake miezi mitatu. Mwenyekiti akafikiri, akasema Dani ni mzee, si mgonjwa, na uzee unaweza kusubiri.

Basi wakawa wanakuja. Jumapili za mwanzo nilizipokea kama sindano, kwa kukaza misuli. Sijui ni lini zilianza kugeuka. Labda ni siku ile fundi wa baiskeli alipokuja mapema na mkasi wa kukatia mipira akanikata kucha za miguu, kwa umakini uleule aliotumia kwa spoku, akinieleza habari za kila baiskeli ya mjini na dhambi za mwenye nayo. Labda ni zile zamu za kushirikishana, kwani niligundua kwamba watu hawa niliowadhania wachoshi walikuwa wakisema mambo ambayo sijawahi kuyasikia kwenye kundi la wanaume wakinywa. Mama mmoja alisema somo la kusamehe limemgusa kwa sababu amelala chumba kimoja na mumewe mwaka mzima bila kumsemesha, na mumewe alikuwa amekaa pale pale, ameshika kikombe. Mume akasema, "Na mimi limenigusa hapo hapo." Tulicheka mpaka mwenyekiti akapoteza hesabu ya rozari. Jumatatu nilikuwa bado nacheka. Kufikia Jumatano nilikuwa nimeanza kuisubiri Jumapili, na Jumamosi nilimsumbua mke wangu aninyoe.

Nilikuwa na furaha. Nasema hivyo wazi kwa sababu ni aibu kidogo: mtu asiye na miguu, asiye na kazi, anayemezeshwa vidonge vinavyofanya mkojo kuwa mwekundu, alikuwa na furaha ambayo karani mwenye baiskeli na mizani hakuwahi kuionja. Nilijifunza hata kupenda ile sauti. Mshonaji akikosa kuja, wimbo ulikwenda sawasawa na ulichosha.

Mwezi wa tano, asubuhi moja, kidole gumba cha mguu wa kulia kilisogea. Wiki chache baadaye nikaweza kukunja goti. Mke wangu akanishika nikaketi, na Jumapili ile jumuiya iliponikuta nimeketi ilipiga vigelegele mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kama kuna harusi. Daktari alikuwa ameagiza kwamba miguu ikirudi nianze mazoezi polepole. Basi siku moja alfajiri, mke wangu alipokwishaondoka, nikashuka kitandani, nikashika ukuta, nikatoka mlango wa nyuma. Nilikwenda hatua nne. Nikashika ukuta wa choo, nikapumzika, nikarudi. Nililala kitandani moyo ukipiga, nikisubiri mke wangu arudi mchana nimwambie.

Aliporudi sikumwambia.

Nilijidanganya kwamba nataka kumshangaza nikishaweza kutembea vizuri. Kesho yake nikaenda hatua tisa. Wiki haikuisha nikawa nauzunguka uwanja mdogo wa nyuma, kutoka mlangoni mpaka chooni, kutoka chooni mpaka kwenye kamba ya kuanikia. Na Jumapili, saa nane na nusu, nikajilaza, nikavuta blanketi, nikaikunja sura kidogo. Ukweli wenyewe ulikuwa mdogo na nilikuwa naujua vizuri: nikitembea, msalaba unahama. Ukihama, watu wanahama nao. Watakwenda nyumba ya pili na ya tatu, na mimi nitarudi kuwa mtu wa zamu moja kwa miezi mitatu, mtu mzima mwenye tai, wa kusalimiwa njiani. Ningerudi Kehancha. Niliogopa kupona kuliko nilivyowahi kuogopa kufa, na ninakumbuka kwamba niliona hilo ni la kuchekesha na bado sikuinuka.

Uongo wa kulala ni mwepisi kuliko mwingine kwa kuwa hauhitaji maneno. Tatizo lilikuwa kwamba nilikuwa nauongopea umati wa watu wanaosali. Jumapili ya pili ya kujilaza kwangu, mwenyekiti alisimama akasema amesikitika. Karani ameketi tangu majuma mengi, lakini hapigi hatua. Hapa kuna kizuizi. Kuna maombi mengine, akasema, hayaendi bila kufunga. Wakapatana palepale kwamba kila Ijumaa, tangu kunapopambazuka mpaka jioni, jumuiya nzima itafunga kwa ajili ya miguu yangu.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimekusudia kabisa kusema. Nikasema, "Asanteni."

Sijui kama msomaji amewahi kufungiwa na watu kumi na wawili huku akitembea. Ijumaa alfajiri nilizunguka uwanja mara sita, nikarudi kitandani, nikanywa uji, kwa maana mgonjwa hafungi. Mwenyekiti, ambaye hata akiwa ameshiba mbavu zake zilihesabika, alikaza nati kwa nyundo akadhani ni spana, akavimba kidole. Mshonaji alishona suruali ya shule ya mwanafunzi mmoja akaunganisha miguu yote miwili, na Jumapili aliisimulia kama ishara. "Mimi nilikuwa nafikiria miguu yako tu, Karani," akasema, "mpaka nikafunga ya mtoto wa watu." Kila mtu alicheka. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote, na chini ya blanketi nilikuwa nakunja vidole vya miguu kwa aibu, vyote kumi, kwa urahisi kabisa.

Waliendelea. Mwenyekiti alichagua tena na tena somo la yule aliyepooza aliyeshushwa kupitia darini na marafiki zake wanne. Alikuwa na maelezo marefu kuhusu hao wanne: nani alishika kona ipi, kamba zilitoka wapi, mwenye nyumba alisemaje alipoona dari yake. Mimi nilitafakari habari ya yule wa kitandani. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alikuwa ameshaanza mazoezi.

Jumapili ya nane ya uongo huo mshonaji alileta habari. Alikuwa amepita kwa Dani kumpelekea unga. Dani hakuwa na malalamiko, alisema, ila aliuliza jambo moja: msalaba utafika kwake yeye bado akiwa hapa duniani, au wamweke tu kwenye orodha ya marehemu. Mwenyekiti akajikuna shingo. Akasema labda ni kweli, labda tumekaa kwa karani kupita kiasi, labda Jumapili ijayo twende kwa Dani, halafu turudi.

Nikakohoa. Ugonjwa wangu haukuwa wa kukohoa, lakini hakuna aliyekumbuka hilo. Nikakohoa tena, nikafumba macho, nikatoa mlio mdogo. Mwenyekiti akaweka mkono juu ya paji la uso wangu, akasema, "Hapana. Bado hali ni mbaya." Na wakaahirisha.

Mambo mengi ya maisha yangu nimeyasamehe bila shida. Kikohozi kile bado nakisikia.

Ijumaa iliyofuata mke wangu aliondoka alfajiri kama kawaida, lakini akarudi nikiwa nimeshajilaza tena, akapika chai, akakata mkate, akaketi mbele yangu akaanza kula.

"Leo si Ijumaa?" nikauliza.

"Ni Ijumaa."

"Hufungi?"

"Nifunge kwa ajili ya nini?" Akainama, akaokota slipas zangu chini ya kitanda, akaziweka juu ya meza karibu na mkate. Nyayo zilikuwa na udongo mbichi na majani yaliyoshikana na umande. "Hizi zimetoka nje asubuhi. Nilikuwa nimesahau begi, nikarudi."

"Labda ni panya," nikasema.

"Panya wa Migori siku hizi wanavaa saizi kumi." Akamaliza chai yake taratibu. Alikuwa amefunga Ijumaa sita, akibeba marobota ya mitumba kichwani na tumbo tupu, na alinieleza hilo bila kupandisha sauti. Halafu akasema, "Mimi sitasema. Utasema mwenyewe. Lakini yule mama wa watu huko nyuma anasubiri, na wewe uko na miguu."

Akaenda sokoni. Nililala nikiitazama dari ambayo nilikuwa naijua kuliko ninavyojua uso wangu, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke Homa Bay nilijichukia waziwazi.

Jumapili hiyo, iliyokuwa ya tisa, sikujilaza. Walipoingia walinikuta nimeketi ukingoni mwa kitanda, nimevaa viatu na shati la kutokea. Nilikuwa nimetunga hotuba ya kuungama, yenye mwanzo na mwisho. Mwenyekiti alipofika kwenye nia za maombi nikainua mkono, nikasimama.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba watu waliofunga Ijumaa saba hawawezi kusikiliza hotuba. Mshonaji alipiga ukelele, akaanguka magotini. Mwenyekiti alinishika mabega. Nilisema, "Jamani, nimekuwa nikitembea tangu," na wimbo ukapanda juu ya neno lililofuata. Nilijaribu tena. Nilisema, "Sikilizeni, nilidanganya," na yule mume aliyekuwa haongei na mkewe akanikumbatia, akanibana kifua, pumzi ikaisha. Kila nilivyokataa muujiza, walizidi kuniona mnyenyekevu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na birika mkononi. Alinitazama kama anayetazama mtu akifukuza kuku waliokwisha kuingia mahindini.

Basi nikafanya jambo pekee lililobaki. Nikaenda kwenye kabati la redio, nikauchukua msalaba, nikasema tunakwenda kwa Dani. Nilitoka mbele, wao nyuma yangu wakiimba. Ilibidi tuzunguke ua, kiasi cha hatua themanini. Majirani walitoka kutazama. Nilikuwa natetemeka kwa aibu na kwa macho ya watu wengi, nikayumba, mwenyekiti akanishika kiwiko, nikayumba tena.

Dani alikuwa ameketi kitandani karibu na dirisha, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kitambaa cheupe kichwani, kana kwamba ameambiwa tunakuja. Nikauweka msalaba juu ya stuli iliyokuwa karibu na kichwa chake. Wengine walikuwa bado wanajibana kuingia. Alinivuta shati nikainama, akaninong'oneza sikioni.

"Leo umetembea vibaya," akasema. "Jana asubuhi ulikuwa unatembea poa kuliko hivi."

Nikageuka kutazama dirisha. Liliangalia moja kwa moja, juu ya ua, uwanja wetu mdogo wa nyuma: mlango, choo, kamba ya kuanikia.

Sikusikia somo la siku hiyo. Wote walipotoka nilibaki, nikaketi chini karibu na kitanda chake. Nilimuuliza ameona tangu lini.

"Tangu ile siku ya kwanza, wuora. Ulienda hatua nne, ukashika choo, ukapumua kama ng'ombe." Aliniita baba yangu, jinsi wazee wa kule wanavyomwita kijana wanayemhurumia. "Kesho yake ukaenda tisa. Halafu nikaacha kuhesabu hatua, nikahesabu mizunguko."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Niwaambie nini? Mimi usingizi huisha mapema. Huamka nikiwa sina wa kuongea naye, naona mtu anajifunza kutembea. Nikawa nasema, Nyasaye, mpe hatua moja tena. Unapewa. Nasema, moja tena. Unapewa." Akacheka bila sauti. "Wao walikuwa wanaomba macho yamefungwa. Mimi nilikuwa naomba nikikuona. Sasa ningesema, na wewe ungeona aibu, ungerudi kulala, mimi ningeangalia nini? Choo?"

Nikamwambia kuhusu kikohozi. Nilimwambia kwamba siku ile walikuwa tayari kuhamia kwake na mimi ndiye niliyewazuia. Hilo hakuwa analijua. Akavuta ncha ya shuka, akaikunja.

"Nyimbo zilikuwa zinafika," akasema mwishowe. "Ni somo tu halikuwa linafika. Upepo ulikuwa unalipeleka kwa wale Wasabato."

Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alisema nipitie uwanjani kesho asubuhi kama kawaida, na ninyooshe mgongo.

Jumapili iliyofuata, kwake, niliungama mbele ya wote, safari hii nikiwa nimemwomba mshonaji asianze wimbo mpaka nimalize. Mwenyekiti aliangalia kidole chake kilichokuwa bado hakijapona. Halafu akasema kwamba kwa hesabu yake kufunga kulikuwa kumefaa, maana miguu ilitembea kweli, ila tu ilitangulia maombi. Na kwamba karani naye atafunga Ijumaa saba, kwa ajili ya ulimi wake. Mshonaji akadai niende mwenyewe kwa mama wa yule mwanafunzi nikaeleze habari ya suruali. Nilikwenda. Hawakuacha kunikaribisha, ila kwa muda mrefu, nikilalamika kuumwa na kichwa, kuna mtu aliuliza kama kichwa hicho kimethibitishwa na dirisha la Dani.

Jambo nililokuwa naliogopa halikutokea kamwe. Jumuiya ilihama hatua themanini, na nilikuwa na miguu ya kuzitembea. Nilikuwa wa kwanza kufika kila Jumapili. Nilimsomea Dani somo la siku mara mbili, karibu na sikio, na mwenyekiti alikubali bila kubishana kwamba msalaba hautaondoka pale, kwa sababu uzee wa namna ile ulikuwa ugonjwa tangu mwanzo, ila hatukuwa tumemtazama. Kila alfajiri nilizunguka uwanja. Wakati mwingine sauti ilitoka dirishani, "Mgongo, Karani," nami nikaunyoosha.

Alifariki mvua za vuli zilipoanza, mchana, akiwa anatupangia nani akae wapi Jumapili. Msalaba ulikuwa umekaa kwake Jumapili saba. Kwangu ulikaa thelathini na moja, na tisa za mwisho zilikuwa zake.